Seremala na wembe wa kukunja: mambo ya jiwe

Mimi ni seremala, karakana yetu iko Keko. Patasi nanoa kila asubuhi kabla chai haijachemka, na ukiniletea randa butu nitakurudishia inakwangua mninga kama inamenya ndizi. Kwa hiyo siku niliponunua wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini ambao kinyozi anaufungua kama kisu, sikudhani kunoa kutanisumbua. Wembe wa kwanza niliuua.

Kilichonipeleka huko ni vipele. Ndevu zangu ni za kujikunja, na zile nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne huuvuta unywele na kuukata chini kidogo ya ngozi. Ukiota tena unajipinda na kuchoma ngozi kwa ndani. Shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi. Wembe wa bapa moja unakata juu ya ngozi na kuishia hapo, basi nikaamua kuutafuta.

Nilizipata mbili Ilala, kwenye turubai la vyombo vya mtumba, zimechanganywa na uma na vijiko. Elfu kumi zote. Zimepigwa muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani unaofua visu na nyembe kwa karne nyingi, hadi jina lenyewe likalindwa kwa sheria mwaka 1938. Ila muhuri haukati ndevu. Ukikuta wembe wa namna hii, ulaze juu ya kioo uone kama umepinda, kisha tazama kutu iko wapi. Kutu ya mgongoni haina shida. Iliyokula pembeni kabisa mwa makali, mrudishie mwenyewe.

Wa kwanza, kwa uvivu, nilimpa mnoa visu anayepita mitaani na gurudumu lake la kukanyaga. Cheche ziliruka, na mimi nimesimama natazama. Aliponirudishia, ukingo wote ulikuwa na rangi ya bluu. Chuma cha aina hiyo kikifika nyuzi joto kama 300 hivi hugeuka bluu, na hapo ugumu wake umeshapungua. Makali hayakai tena hata ufanyeje. Yule bwana simlaumu, visu vya jikoni anavinoa vizuri sana. Wa kulaumiwa ni seremala mzima aliyeona cheche akanyamaza.

Wa pili nikaunoa mwenyewe kwa jiwe langu la kijivu la pande mbili, lile la dukani Gerezani, nikiukandamiza kama patasi. Ulinyoa nywele za mkono, nikafurahi. Shavuni uliniwasha siku mbili. Nikaupeleka kwa fundi saa jirani, mzee anayenidai heshima na betri moja.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Lete.” Akabana lenzi jichoni, akaugeuza wembe polepole kwenye mwanga. “Kijana wangu, haya siyo makali. Huu ni msumeno.”

Akanipa lenzi nitazame. Kweli, meno matupu.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Patasi inategemea mkono wako kushika pembe, lakini wembe wa kukunja umeshapimiwa pembe yake na aliyeufua. Ukiulaza kwenye jiwe, unagusa sehemu mbili: mgongo na makali. Unene wa mgongo ndio unaoamua pembe, kwa kawaida nyuzi 16 au 17. Kwa hiyo mgongo hauinuki kwenye jiwe hata mara moja, na mkono hauna cha kusukuma. Bapa limechimbwa ubavuni pande zote mbili, karibu na ukingo ni jembamba kiasi cha kupinda likikandamizwa. Ukikandamiza, makali yanakimbia jiwe, unanoa tumbo badala ya ukingo. Mimi sasa nashika mpini kwa vidole vitatu tu, kama ninayeshika kikombe cha kahawa cha moto, na uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Sasa mawe. Jiwe la kijivu la dukani liache na panga. Kwa wembe unahitaji vinoo vya maji, yaani mawe ya kunoa yanayotumiwa yakiwa na maji, na namba zake (ikipanda, chembe ni ndogo zaidi) zisikuchanganye kama zilivyonichanganya mimi. Nilidhani msasa wa 1000 na jiwe la 1000 ni kitu kimoja. Si kweli. Chembe za jiwe la 1000 kwa kipimo cha Kijapani zina ukubwa wa mikroni 11 na nusu hivi, wakati msasa wenye alama ya P1000 unafika mikroni 18. Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza namba ni ya kipimo gani. Niliwahi kuagiza mtandaoni jiwe limeandikwa 10000, bei ya kutupa, likaacha mikwaruzo unayoiona bila lenzi. Sasa hivi linazuia mlango wa karakana usijifunge.

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua mawe mawili, usizidishe. Moja la pande mbili, 1000 na 6000, kama yale ya King kutoka Japani. La pili la kumalizia, 8000 au 12000. La 1000 linajenga makali, linaondoa meno na mapengo, na kazi kubwa iko hapo. Yanayofuata yanafuta tu mikwaruzo ya lililotangulia. Ukiharakisha kwenye 1000, hata ulete jiwe la dhahabu mwishoni halikusaidii. Wapo wanaopenda mawe ya asili, hasa Coticule, jiwe la manjano la milima ya Ardennes kule Ubelgiji, lenye chembe za kito kinachoitwa garneti. Ni zuri kulitazama, ila bei yake ni ya mtu asiyelipa kodi ya karakana.

Kuna jambo linalozidi namba, na wengi hulidharau: jiwe liwe tambarare. Kinoo cha maji kinaliwa katikati, kinafanya bonde usiloliona kwa macho. Wembe juu ya bonde unagusa kingo tu. Jiwe jipya nalo usiliamini. Nenda kwa fundi aluminiamu umwombe kipande cha kioo kinene kilichobaki, milimita 8 au 10, mara nyingi anakupa bure. Weka juu yake msasa wa maji wa 220, mwagia maji, chora jiwe mistari ya penseli kama daftari la hesabu, kisha lisugue. Penseli ikifutika kote, jiwe limekaa sawa. Punguza na kona zake, zisije zikakwaruza bapa. Mimi nasawazisha kila ninapoanza kunoa, dakika tatu tu.

Maji nayo. Wengi wetu Dar tunachota kisima chenye chumvi. Hayo usiyatumie, wembe utapata kutu kabla hujaukausha. Tafuta maji baridi yasiyo na chumvi, hata yaliyobaki kwenye chupa. Jiwe la 1000 la kufyonza lilowekwe dakika kumi. La kumalizia mara nyingi linataka matone tu, soma maelezo yake.

Kunoa kwenyewe: makali yanatangulia, kama unayetaka kuchuna utando juu ya jiwe. Bapa ni refu kuliko upana wa jiwe, kwa hiyo unakwenda mshazari. Unaanzia kisigino karibu na mpini, unamalizia ncha. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa mgongo wake, kamwe usiugeuze kwa makali, rudi upande wa pili. Mara moja huku, mara moja huku. Kabla ya kuanza paka ukingo wino wa marka peni. Baada ya miendo michache tazama wino umebaki wapi, ndipo jiwe halifiki. Halafu angalia maji. Makali yakishakaa, mstari wa maji unasukumwa mbele ya ukingo wote na kuanza kupanda juu ya bapa. Siku ya kwanza kuona hivyo nilimwita mwanafunzi wangu aje atazame. Akasema, “Bosi, ni maji tu.”

Kwenye 1000 sihesabu, nanoa mpaka nywele za mkono zikatike usawa wa ngozi urefu wote wa bapa. Kwenye 6000 miendo kama 40, la kumalizia 30, nikizidi kuwa mwepesi kila hatua. Kidole usikitumie kupima. Tumia shavu.

Baada ya jiwe ni ngozi. Mkanda wa mtumba unafaa kabisa, mradi uwe ngozi halisi isiyo na nakshi. Ile ya kubandika inapasuka. Hapa mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata. Siku ya kwanza nilisahau, nikaukata mkanda vipande viwili. Miendo 50 kabla ya kila kunyoa, mkanda ukiwa umevutwa sawasawa, na wembe unaweza kukaa miezi bila kurudi kwenye jiwe.

Hewa yetu ya pwani haina huruma na chuma. Ukimaliza futa, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, na usiuache bafuni. Na wembe huu ni wako peke yako. Rafiki akiomba kujaribu, mkatalie. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havijali undugu, ndiyo maana saluni hubadilisha wembe kwa kila mteja.

Shingo imepona. Jiwe la 12000 nalitoa mara mbili au tatu kwa mwaka, lililobaki ni kazi ya mkanda. Fundi mwenzangu wa benchi la pili ameliona, anataka kulijaribu kwa patasi zake. Nimelihamishia nyumbani.