Maswali ya Wasomaji: Ni Uzee au ni Wasiwasi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nina miaka 58, nastaafu nikifika 60. Siku hizi makondakta wananiita "babu" na moyo unanidunda. Majina ya wanafunzi yananitoka. Jioni sina la kufanya, hivyo naingia kitandani saa mbili, lakini saa tisa usiku niko macho, nawaza pesa na maradhi mpaka alfajiri. Duka la dawa wamenipa piritoni nilale. Je, akili inanitoka?

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu ya saa. Kutoka saa mbili usiku hadi saa tisa ni saa saba, na mtu wa umri wako anatosheka na saa saba hadi nane. Kwa hiyo ukiamka saa tisa, usingizi wako umekwisha, haujaharibika. Kinachokuumiza ni kubaki gizani ukiwaza, hadi kitanda kinageuka mahali pa mawazo. Lala saa nne na nusu, amka saa kumi na moja na nusu, Jumapili pia. Ukizinduka na usingizi usirudi kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa kitini kwenye mwanga hafifu, simu mbali, mpaka usinzie. Siku za mwanzo utasinzia mchana. Ukijilaza jioni, usiku unaharibika tena. Chai na kahawa ziishie saa nane mchana, maana baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Piritoni acha. Ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake tu. Umri ukisogea, dawa hii huvuruga kumbukumbu, na kwa mwenye tezi dume iliyotanuka yaweza kuzuia mkojo. Huenda sehemu ya usahaulifu unaouogopa inatoka kwenye kidonge hicho hicho.

Sehemu nyingine inatoka kwenye wasiwasi wenyewe. Mwanafunzi akikutajia jina huku wewe unawaza kiinua mgongo, jina halikuingia kichwani, basi litakumbukwaje? Jina likikuponyoka kisha likarudi jioni, hilo ni la kawaida. Nenda hospitali ukipotea njia ya nyumbani, ukirudia swali lile lile ndani ya saa moja, au ukishindwa kujaza rejista uliyoijaza miaka yote. Mara nyingi wa nyumbani ndio huyaona haya kabla ya mwenyewe.

Pesa usiiwaze kitandani. Tenga dakika 20 kila siku, tuseme saa kumi na mbili jioni, na daftari. Upande mmoja andika linalowezekana wiki hii, upande wa pili lisilo mikononi mwako. La kwanza liwe kuomba taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Jina au tarehe ya kuzaliwa vikitofautiana na kitambulisho cha taifa, malipo huchelewa, na kurekebisha ni rahisi zaidi ungali kazini.

Jipime na miguu. Egemeza kiti kisicho na mikono ukutani, kunja mikono kifuani, simama na kukaa kwa sekunde 30, ukihesabu. Kwa wanaume wa miaka 60 hadi 64, chini ya 14 ni miguu dhaifu. Usijibwage kitini, shuka polepole. Kushuka huko ndiko kunakojenga paja. Fanya mara tatu kwa wiki, andika idadi.

Pima pia presha (140/90 au zaidi, kwa siku mbili tofauti, inahitaji daktari), sukari na damu, na mwambie daktari kuhusu moyo kudunda. Wasiwasi ukidumu miezi sita, karibu kila siku, na huwezi kuutuliza, ni ugonjwa wenye tiba. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri miezi: nenda siku hiyo hiyo.

SWALI: Nina miaka 47, naishi Tanga. Usiku napandwa na joto, nalowa jasho, moyo mbio. Hedhi inaruka miezi. Shoga yangu anasema ni mawazo ya uzee.

JIBU: Dada, zaidi yafanana na kukaribia ukomo wa hedhi, mawazo huyazidisha tu. Hata hivyo pimwa damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo mbio vilevile. Endelea na uzazi wa mpango, mimba bado yawezekana. Ikipita miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usingoje: nenda kachunguzwe.