Hita za umeme kwa fleti isiyo na gesi

Dada, umeuliza kama hita ya umeme yenye mafuta ndani (hita ya mafuta) itakupunguzia bili kuliko ya feni kwenye fleti yako ya Leeds, Uingereza, isiyo na gesi. Haitapunguza. Hita ya wati 2000 hula uniti 2 kwa saa, iwe ya mafuta au ya feni, na joto ni lile lile. Ya mafuta ina faida ya ukimya na hukaa na joto kidogo baada ya kuzimwa, kwa hiyo inafaa chumbani.

Ila kabla hujanunua, angalia ukutani. Yale masanduku mapana, mazito, ni hita za kuhifadhi joto: ndani yana matofali yanayopashwa usiku na kutoa joto mchana. Yana nafuu tu ukiwa na mkataba wa umeme wenye saa za bei nafuu, kama Economy 7, ambao hukupa saa 7 za usiku kwa bei ya chini, huku mchana bei ikipanda. Nimeona wenzetu wengi wakiyazima kwa woga, kisha wanawasha hita ndogo mchana kutwa kwa bei ile ya juu. Inaniuma kweli.

Usiku tumia blanketi ya umeme. Ya wati 100, hata ukiiwasha saa 8, haifikishi uniti moja.

Hita usiichomeke kwenye ekstensheni, ichomeke ukutani moja kwa moja. Na jiko la mkaa ndani, dada yangu, usithubutu. Hewa yake huua watu usingizini.