Draiva Kubwa Inasamehe Nini Hasa?

Wapenzi wa gofu, mwezi huu ni kama mlikaa kikao mkakubaliana, manake barua karibu zote zauliza kitu kimoja tu, hii draiva (ile fimbo ndefu ya kuanzia kupiga mbali) ya kichwa kikubwa ambayo wauzaji wanasema "inasamehe". Nimechukua nne, ya kwanza ntaikalia sana kwa sababu ukiielewa hiyo zingine zote zinakuwa rahisi.

Assalam aleikum. Mimi ni mtu wa bandarini, umri 56, nacheza pale Mombasa Golf Club Jumamosi asubuhi, handikapu 24 (mipigo ya ziada ninayopewa, manake bado si hodari). Draiva yangu ya kale, kichwa kidogo kama ngumi, nilipewa na bosi wangu alipostaafu. Juzi rafiki yangu kanipa yake kubwa nijaribu, nikapiga vibaya, mkononi nilisikia kabisa kuwa sikupata katikati, lakini mpira ukaenda ukakaa kwenye nyasi fupi. Nikarudia, vilevile. Ni kweli ama nilibahatika? Bei yake si ya kuchezea na nyumbani kuna karo. – Mtu wa Bandari, Ganjoni

Waaleikum salaam kakangu. Hukubahatika, ulichokiona ni kweli.

Hebu fikiria mtumbwi mtupu na ngalawa. Mtumbwi ukikanyaga pembeni kidogo tu unalala, lakini ngalawa ina zile mbao zake mbili huku na huku, uzito na upana umetandazwa mbali, ukikanyaga pembeni inayumba kidogo basi. Kichwa cha draiva ni hivohivo. Ukipiga mpira nje ya katikati kichwa kinataka kujipinda mkononi, na kikijipinda nguvu inapotea na mpira unakwenda kwingine. Kichwa kikubwa uzito wake umesukumwa mbali, pembeni na nyuma kabisa, kwa hiyo kujipinda kwake ni kwa shida. Huko ndo kusamehe kwenyewe, hakuna uchawi.

Na hii haikuanza jana. Kampuni ya Callaway walipotoa draiva yao ya Big Bertha mwaka 1991 kichwa chake kilikuwa kama sentimita za ujazo 190 hivi, cha chuma, na watu wakashangaa ukubwa. 1995 ikaja Great Big Bertha ya titani, kama 250, manake titani ni nyepesi kuliko chuma ndo wakaweza kupanua kichwa bila kukifanya kizito. Leo sheria inaruhusu 460. Chukua chupa ya maji ya nusu lita uishike mkononi, kichwa kimekaribia hapo.

Sasa nikwambie nilichoona kwa macho yangu. Mimi natengeneza fimbo za watu, nabadilisha mishikio na mipini, na kila anayekuja kuniuliza habari ya draiva kwanza namnyunyizia poda kwenye uso wa fimbo, kitabaka chembamba tu, halafu apige. Mpira unaacha alama ya duara, hapo huwezi kubishana. Alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ana draiva kama yako, nikampa na kubwa, akapiga mipira sita kwa kila moja. Alama zilikuwa zimetapakaa kwenye fimbo zote mbili sawasawa, moja kule nchani, nyingine karibu na shingo, moja juu kabisa karibu na ukingo, yaani upigaji wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kule mipira ilikoangukia. Ile ya fimbo ndogo mmoja msituni, mmoja mfupi mno, mmoja hatukuuona tena. Ile ya fimbo kubwa yote sita ilikuwa kwenye eneo ambalo ungeweza kuiokota bila kutafuta. Alisimama akaziangalia zile nyuso mbili zenye poda kwa muda mrefu sana, akaniuliza, "Kwa hivyo miaka yote hii nilikuwa nalipa faini?" Nikamwambia ndio mwalimu, faini ya kosa dogo.

Kwa hiyo wewe wa handikapu 24 ndo hasa mtu ambaye fimbo hii ilitengenezewa. Lakini usinunue mpya kama karo inakubana. Ya miaka mitano sita nyuma iliyotunzwa inakufaa kabisa, manake hiyo 460 imekuwa kikomo tangu 2004, na mpya haziwezi kuzidi hapo. Omba yenye lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo, ya digrii 10.5 au hata 12, usione haya, kwa kasi ya mtu wa umri wetu mpira unahitaji kusaidiwa kupaa, na mpini uwe wa kawaida usiwe ule mgumu wanaotumia vijana.

Mimi ni mama, nacheza Nyali miaka minne. Nimenunua hiyo kubwa mwaka jana, nimelipa pesa nzuri, na mpira bado waenda kulia, tena unapinda kama ndizi. Mbona mimi hainisamehei? – Mama wa Kizingo

Pole sana dadangu, na hili nataka wengi walisikie kwa sababu watu wanaumizwa mfukoni. Fimbo inasamehe mahali ulipogonga, haisamehei uso wa fimbo umeangalia wapi. Ukigonga katikati kabisa lakini uso uko wazi, yaani umeangalia kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita, mpira utapinda kulia, hata kichwa kiwe kikubwa kama nazi. Fanya ile ya poda kwanza. Alama zikiwa katikati, basi tatizo si fimbo, ni mikono, na mara nyingi ni mkono wa kushoto umeshika ukiwa umelala upande, uangalie chini unapojipanga, unatakiwa uone vifundo viwili vya vidole au hata vitatu. Ukiona kimoja tu hapo ndo pa kuanzia.

Halafu angalia shingo ya fimbo yako, pale kichwa kinapoingia kwenye mpini. Nyingi za siku hizi zina skrubu na namba. Ukiongeza lofti kwa kuzungusha pale, uso pia unajifunga kidogo, na hilo linawasaidia wanaopinda kulia. Kama ina kizito cha kuhamisha, kipeleke upande wa shingo. Na kitu cha mwisho ambacho watu hawapendi kusikia, shika chini kidogo, inchi moja tu kwenye mshikio. Fimbo ndefu ni ngumu kuileta katikati. Jaribu wiki mbili kabla hujaiuza, tafadhali.

Shikamoo. Mimi ni kedi, nabebea wachezaji fimbo zao, na nataka kuanza mashindano. Kuna watu wananiambia draiva kubwa hairuhusiwi, wengine wanasema sheria imebadilika. Na hizi zinazoitwa 10K ni halali? – Kijana wa Likoni

Marahaba mwanangu. Inaruhusiwa. Kikomo cha ukubwa ni 460, na vipimo vinaachiwa nafasi ya 10 juu. Hiyo nguvu ya kukataa kujipinda nayo ina kikomo, 5,900 kwa kipimo cha wenye sheria, na hapo inaachiwa 100. Sasa utauliza mbona kampuni ya Ping walitoa draiva ya G430 Max 10K mwaka 2024. Wao wamejumlisha pande mbili, ule wa kulia na kushoto pamoja na ule wa juu na chini, ndo wakafika 10,000, lakini sheria inapima ule wa kulia na kushoto peke yake. Kwa hiyo ni halali, haijavunja kitu.

Kilichobadilika 2022 ni urefu. Kanuni ya kawaida ni inchi 48, lakini wenye mashindano makubwa wanaruhusiwa kuweka kikomo cha 46. Wewe usijisumbue na hilo, draiva nyingi za dukani ni fupi kuliko hapo. Na ukienda kujiandikisha uliza mapema kama wanatumia orodha ya vichwa vilivyoidhinishwa, iko kwenye intaneti, tafuta jina la fimbo yako na lofti yake.

Kusi likivuma draiva yangu kubwa inapaisha mpira kama tiara, unasimama juu halafu waanguka. Rafiki zangu wenye fimbo ndogo wananipita. Halafu nimenunua fimbo hii kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni na sasa nina wasiwasi ni feki. – Msomaji, Bamburi

Kwenye upepo unasema kweli. Uzito ukiwa nyuma mpira unapaa zaidi na kuzunguka zaidi, na ukikutana na kusi usoni ndo hivyo. Kosa kubwa hapo ni kuongeza nguvu, manake ukipiga kwa nguvu zaidi mzunguko unazidi na mpira unazidi kupaa. Punguza, piga kama robo tatu, mwili utulie, na kama shingo inazunguka shusha lofti msimu wa kusi kisha uirudishe kaskazi likija. Na usisahau chumvi yetu hii, titani haishiki kutu lakini skrubu zinashika, ukitoka uwanjani futa kwa kitambaa kikavu na uitoe ile sokisi ya kichwa ikauke.

Kuhusu feki, chukua sumaku iweke kwenye uso wa fimbo, pale mpira unapogonga. Draiva halisi za siku hizi uso wake ni titani au kaboni, sumaku haishiki. Ikishika, umeuziwa chuma. Isiposhika bado usitulie, tafuta namba iliyochongwa kwenye shingo uwaandikie watengenezaji wenyewe wakuthibitishie, na hizo pesa za muuzaji dai mapema ukiwa bado una ujumbe wenu kwenye simu.