Vitufe 61 au 88? Tunawajibu wanunuzi wa vinanda

Swali: Hamjambo wahariri? Binti yangu wa miaka tisa anajifunza piano shuleni, na mwalimu anataka afanye mtihani wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Dukani Kampala nimeonyeshwa Yamaha PSR-E373 yenye sauti 622, na Yamaha P-45 iliyotumika, yenye sauti 10 tu lakini bei iko juu. Nichukue ipi? (Mama, Jinja)

Jibu: Hatujambo, Mama. Hesabu ya sauti iache, maana mwanafunzi wa piano anahitaji moja tu, ya piano yenyewe. Angalia vitufe. E373 ina 61, vyepesi, vinavyorudishwa na springi. P-45 ina 88, kila kimoja kina nyundo yake ndani, na vya upande wa besi ni vizito kuliko vya juu, kama kwenye piano halisi. Mtoto aliyezoea springi akikalishwa mbele ya piano ya mtihani, vidole vinakosa nguvu na pale pa kupiga kwa upole sauti haitoki kabisa. ABRSM nao, wanapokubali piano ya dijitali, wanataka vitufe vizito vya ukubwa kamili vinavyoitikia mguso, pamoja na kanyagio la kurefusha sauti. Kwa hiyo chukua ya vitufe 88.

E373 si kinanda kibaya. Kwa kwaya inayohamahama ni kizuri sana: kilo 4.6, midundo tele, na betri sita ndogo za AA. P-45 haitumii betri, ina kilo 11.5 na urefu wa mita 1.3, kwa hiyo boda boda usifikirie. Kama kwenu umeme unakatika jioni, saa ya mazoezi, ulizia pia Casio CDP-S110: vitufe 88 vya nyundo, na betri sita za AA inakubali. Sisi tungeanza na hiyo.

Dukani, zima midundo yote, weka sauti ya piano, kisha bonyeza kitufe kimoja taratibu, halafu kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, ondoka. Kanyaga kanyagio, piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) upande wa besi, panda mbiombio hadi juu: besi ikikatika ghafla, kinanda hakiwezi kushika sauti nyingi kwa pamoja. Ukikuta chapa usiyoijua, chukua rula. Vitufe saba vyeupe, do hadi ti, vifike kama sentimita 16.5. Vikipungua sana, hicho ni cha kuchezea.

Kanyagio dogo la plastiki linaloletwa na kinanda huteleza kwenye sakafu ya saruji. Nunua zito lenye mpira chini. Likifanya kazi kinyume, yaani sauti inarefuka ukiliachia, zima kinanda, ondoa mguu, washa tena.

Swali: Kanisa letu limepata piano ya dijitali ya mtumba kutoka Japani. Waya wake unaingia moja kwa moja kwenye soketi, hauna adapta. Tuiwashe? (Mwalimu wa kwaya, Tororo)

Jibu: Msiiwashe bado, Mwalimu! Japani hutumia volti 100, sisi 240. Someni kibandiko cha nyuma. Kikisema "100V" peke yake, mnahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati angalau mara mbili ya zilizoandikwa hapo. Kikisema "100-240V", badilisheni plagi tu.

Wenye vinanda vya adapta nanyi msiazimane ovyo. Yamaha nyingi ni volti 12, chanya ikiwa ndani ya pini. Casio nyingi za zamani ni volti 9, chanya ikiwa nje. Pini yaweza kuingia vizuri na kinanda kikaungua. Linganisheni volti na kile kimchoro cha duara chenye alama za + na −.

Swali: Vitufe vitatu vya kinanda changu vinapiga kelele hata nikivigusa kidogo. Vimekufa? (Mpiga kinanda, Mbale)

Jibu: Ni vumbi, ndugu. Chini ya kila kitufe kuna mipira miwili ya mguso, na kinanda hupima muda kati ya wa kwanza na wa pili kugusa ili kijue umepiga kwa nguvu gani. Mmoja ukichafuka, kipimo kinaharibika. Chomoa umeme, fungua kwa chini, inua ukanda wa mipira, futa sehemu nyeusi kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Usikwangue kwa kisu wala msasa, ule weusi ndio unaopitisha umeme.