Umeokoka zamani, bado unakua? Maswali ya wasomaji wa Tanga

Maswali yamekuwa mengi safari hii, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu ameshaamini, ameshabatizwa, sasa haoni kama anasonga. Nimechagua matano.

Bwana Yesu asifiwe mwinjilisti. Nimeokoka mwaka 2009, naimba kwaya, mkesha haunipiti. Ila hasira zangu kwa watoto ni zile zile. Mdogo akimwaga uji tu, nyumba nzima inajua. Je, nimekua kweli? (Mama wa watoto wanne, Makorora)

Amina, mama. Fungua 1 Wakorintho. Katika sura ya 1 Paulo anamshukuru Mungu kwamba Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote. Ukifika sura ya 3, watu hao hao anawaita watoto wachanga katika Kristo, kwa sababu kwao kuna husuda na fitina. Walinena kwa lugha, walitoa unabii, na bado hawakuwa wamekomaa. Karama mtu anaweza kupewa leo jioni. Uvumilivu, upole na kiasi vimo kwenye tunda la Roho, Wagalatia 5:22-23, na hayo huchukua miaka.

Kwa hiyo sauti nzuri ya kwaya isikudanganye, wala hasira isikukatishe tamaa. Makanisa yetu yamezoea kumpima mtu kwa yanayoonekana madhabahuni, nani anaomba kwa sauti na nani hakosi mkesha. Mimi ningewauliza watoto wako. Wao wanakujua Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mkaa haujashika na shati la shule halijakauka.

La kufanya: ukimfokea mtoto kupita kiasi, mwombe radhi siku hiyo hiyo, kwa maneno. Utaambiwa mtoto haombwi msamaha, atakupanda kichwani. Sikubaliani na hilo. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, na sidhani kama akina mama wamepewa ruhusa. Halafu chunguza ni siku zipi unalipuka. Kama ni kesho yake baada ya mkesha, mama, lala. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Sahare. Tunatoka na taa usiku, tunarudi asubuhi. Ibada za jioni katikati ya wiki sifiki, na mzee wa kanisa amesema nimepoa. Nifanyeje?

Hujapoa kaka, uko kazini. Petro naye alimwambia Yesu kwamba wamefanya kazi usiku kucha bila kupata kitu (Luka 5:5), na hakukemewa kwa kukosa ibada ya jioni.

Lakini kalenda yako unaijua kuliko mimi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti dagaa, na chombo kinakaa pwani siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo ndizo zako. Mweleze mzee kwa adabu, ushirika wa nyumba kwa nyumba uje kwako wakati huo. Usiku wa giza, weka Biblia ya sauti kwenye simu. Injili ya Marko ina sura 16. Sikiliza moja mkienda na moja mkirudi, baada ya safari nane umeimaliza. Na pesa za samaki zikigawanywa asubuhi, kumbuka wenzako chomboni, ambao wengi huenda ni Waislamu, hawajawahi kukuona kanisani. Imani yako wanaiona hapo kwenye mgao.

Mahubiri ya kanisani kwetu hayanijengi tena. Nihame? (Muheza)

Labda. Ila kwanza omba kufundisha shule ya Jumapili kwa mwaka mmoja. Waebrania 5:12 inawalaumu watu ambao kwa muda waliokaa walipaswa kuwa walimu, lakini bado wanataka kufundishwa mambo ya mwanzo. Baada ya huo mwaka niandikie tena.

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nimepanga chumba Ngamiani, majirani wote ni Waislamu. Alfajiri wanaamka kuswali kila siku, mimi nasali Jumapili. Naona haya. Rafiki yangu mlokole anasema sala za ratiba ni desturi tupu. (Mwanafunzi)

Milele amina, na marahaba mwanangu. Haya hiyo ni njema, usiifukuze upesi.

Rafiki yako ana nusu ya hoja, maana Yesu alionya juu ya kupayuka-payuka (Mathayo 6:7). Nusu ya pili imempita. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku. Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Petro na Yohana, tena baada ya Pentekoste, walikwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa (Matendo 3:1). Wewe Mkatoliki una Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni. Waanglikana wa UMCA, shirika la wamisionari kutoka Uingereza, waliofungua misheni ya Magila huko Muheza katika karne ya 19, walikuja na sala zao za asubuhi na jioni kila siku. Ratiba hatukuiazima kwa jirani. Tulikuwa nayo, tukaiacha.

Adhana ikikuamsha, usijifunike shuka. Zaburi moja, Baba Yetu, na jina la mtu mmoja unayemwombea. Dakika kumi zinatosha. Ukianza na saa nzima, Ijumaa haitakukuta. Zaburi ziko 150, kwa hiyo una kazi ya miezi mitano.

Nina miaka 71, nilikuwa kwenye mashamba ya mkonge. Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu. Kuna kukua tena, au ningoje safari tu? Na macho hayasomi vizuri. (Pongwe)

Shikamoo mzee wangu. Paulo akiwa kifungoni aliandika kwamba bado hajafika, anakaza mwendo (Wafilipi 3:12). Kinachonigusa zaidi ni 2 Timotheo 4. Anajua kifo kimekaribia, ameshasema wakati wa kufariki kwake umefika, halafu mstari wa 13 anaagiza aletewe joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Anataka kusoma!

Katika umri wako, naona kukua kwingi ni kuachia: cheo ambacho kijana angeweza kukishika sasa, au ugomvi wa mpaka wa shamba ambao hata mashahidi wake wameshafariki. Kama uko mmoja wa namna hiyo, nenda ukabishe hodi mwenyewe, usitume mtu.

Macho yapimwe kwanza, pengine ni miwani tu. Wakati unasubiri, mwite mjukuu akusomee Wafilipi, sura nne, moja kila jioni. Akimaliza kusoma, muulize yeye ameelewa nini kabla hujaanza kumweleza.