Barua kwa Mwanangu: Wodi Iliyoishia Altareni

Moshi, 9 Februari

Mwanangu Upendo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mguu wa baba yako umepata nafuu na ameanza tena kushuka shambani asubuhi. Picha zako za Beaune, huko Bourgogne, Ufaransa, zimefika pamoja na swali lako, nami nimelikalia siku tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema uliposimama katika ukumbi ule mkubwa wa Hôtel-Dieu, hospitali ya kale ya mji huo, ukaona vitanda vyenye mapazia mekundu vimepangwa hadi karibu na altare, ulijiuliza kama ile ilikuwa hospitali iliyowekewa kikanisa au kikanisa kilichojazwa wagonjwa, na kama yule tajiri aliyeijenga aliwahurumia maskini kweli au alikuwa akijinunulia mbingu. Hayo ni maswali mawili, ingawa umeyaandika kama moja, na nitaanza na la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi.

Ukumbi ule, wenye urefu wa karibu mita 50, upana wa mita 14 na kimo cha mita 16 hadi kwenye dari lake la mbao lililopinda kama jahazi lililofudikizwa, ulijengwa pamoja na kikanisa chake chini ya paa moja, na kilichovitenga kilikuwa kiambaza cha mbao chenye matundu, ambacho mtu aliweza kuona kupitia kwake. Kikanisa kilitabarukiwa tarehe 31 Desemba 1451, na mgonjwa wa kwanza akapokelewa kesho yake, tarehe 1 Januari 1452. Zingatia mfuatano wa siku hizo mbili: altare ilikuwa tayari kabla ya kitanda cha kwanza kupata mtu.

Wala Beaune hawakubuni jambo hilo. Kule Tonnerre, ambako si mbali sana na unakokaa, Marguerite wa Bourgogne, malkia mjane wa Sicily, alianzisha mwaka 1293 hospitali yenye ukumbi mrefu kuliko huo, nayo ilikuwa na altare mwishoni mwake. Watu wa zama hizo hawakutenganisha tiba ya mwili na ya roho kama tulivyofundishwa sisi chuoni. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1215, uliwaagiza matabibu kwamba wakiitwa kwa mgonjwa wamhimize kwanza amwite padri, ndipo waendelee na dawa zao. Maskini aliyelala Beaune hakuweza kutembea kwenda Misa, na wengi wao hawangeinuka tena. Kwa hiyo walijenga kanisa ambalo mtu anahudhuria akiwa amelala. Padri akiinua Hostia, aliyekuwa kitanda cha mwisho aliiona, au angalau aliisikia kengele.

Jambo hili mimi sikulielewa vitabuni. Nilipokuwa muuguzi kijana katika hospitali ya misheni, tulikuwa na mzee mmoja aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa kamba na vizito, wiki ya sita sasa hajageuka. Kikanisa chetu kilikuwa ng'ambo ya ua. Usiku mmoja wa zamu yangu aliniita akasema, "Mwanangu, nigeuzie kitanda." Nilidhani anaumwa mgongo. Kumbe kwa namna alivyolazwa alikuwa akiutazama ukuta wa choo mchana na usiku, na alitaka kuuona mlango wa kikanisa. Tulimgeuza wawili, mimi na mhudumu, vizito na kamba na yote, tukakaripiwa asubuhi kwa kuharibu safu ya wodi. Niliposimama Beaune mwaka 1994, wakati ule wa mafunzo yangu ya miezi mitatu Ufaransa, nilimkumbuka yeye kabla sijamkumbuka mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwa tajiri wako. Nicolas Rolin alikuwa chansela, yaani waziri mkuu, wa Philippe Mwema, mtawala wa Bourgogne, tangu mwaka 1422, na alikuwa miongoni mwa waliosimamia Mkataba wa Arras wa mwaka 1435, uliopatanisha Bourgogne na mfalme wa Ufaransa katikati ya Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza. Lakini mkataba haukuwalisha watu. Askari waliokosa ajira waligeuka magenge ya waporaji, wenyeji wakayaita Wachunaji, na nyuma yao zikafuata njaa na tauni. Katika hali hiyo, tarehe 4 Agosti 1443, Rolin na mkewe wa tatu, Guigone de Salins, walianzisha hospitali ya wagonjwa maskini yenye kikanisa.

Unauliza kama alikuwa akijinunulia mbingu. Ndiyo, mwanangu, na hakulificha hata kidogo. Katika hati yenyewe ya kuanzisha nyumba hiyo anasema kwamba, kwa ajili ya wokovu wake, anataka kubadilisha mali za dunia kwa mali za mbinguni. Ni lugha ya mfanyabiashara, nayo iliandikwa na kutiwa muhuri. Husimuliwa pia kwamba Mfalme Louis wa 11 alisema Rolin amewafukarisha watu wengi kiasi kwamba ilimpasa awajengee pa kulala. Sina sababu ya kumtetea. Hata hivyo, tazama bei aliyokubali kulipa. Aliiwekea nyumba hiyo wakfu wa pato la livre 1,000, fedha ya zama hizo, kila mwaka kutoka viwanda vya chumvi vya Salins, akaagiza mkate mweupe ugawiwe kila siku mlangoni kwa maskini waombao, na akaiweka hospitali chini ya Papa moja kwa moja ili wakubwa wa pale pale wasiitie mkono. Mtu anayetaka sifa tu hujenga ukuta na kuandika jina lake; pato la kila mwaka hupangwa na mtu anayejua kwamba mgonjwa atahitaji uji hata baada ya mazishi ya mfadhili.

Tena biashara hiyo ilikuwa na upande wa pili, ambao sisi leo tunausahau. Kwa imani yao, sala ya maskini mgonjwa ilikuwa na nguvu mbele ya Mungu kuliko ya tajiri. Kwa hiyo yule aliyelala kitandani hakuwa mpokeaji mtupu. Alishika kitu ambacho chansela, pamoja na chumvi yake yote, hakuwa nacho. Mimi nimehudumia maskini miaka thelathini na mmoja, na nimeona tofauti kati ya mgonjwa anayepewa na mgonjwa anayehitajiwa. Huyu wa pili humtazama muuguzi usoni.

Kuna jambo moja ambalo picha zako zimenionyesha kwamba hukulipata. Altare uliyoipiga picha imepungukiwa na kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ile picha ya Hukumu ya Mwisho, aliyoichora Rogier van der Weyden kwenye mbao zinazofungwa kama milango, ambayo sasa imewekwa katika chumba chake, ilisimama juu ya altare hiyo hiyo. Siku za kazi milango yake ilifungwa, na wagonjwa walimwona Rolin na Guigone wamepiga magoti, na kati yao Watakatifu Sebastiani na Antoni waliochorwa kwa rangi ya kijivu kama sanamu za mawe. Hawakuchaguliwa ovyo. Sebastiani aliombwa wakati wa tauni. Antoni aliombwa kwa ugonjwa ulioitwa moto wake, unaoletwa na kuvu anayeota kwenye masuke ya nafaka, ambao mtu akila mkate wake kwa muda, vidole humchoma kama vimetiwa kwenye makaa, kisha huweusika na kukatika.

Jumapili na sikukuu milango ilifunguliwa. Hapo ndipo walipomwona Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, na chini yake Malaika Mkuu Mikaeli ameshika mizani, upande wa dhambi umezama, upande wa fadhila umeinuka. Nilipoitazama kwa karibu kilichonishtua ni kwamba hakuna shetani hata mmoja anayewakokota waliolaaniwa. Wanakwenda wenyewe, wamejishika masikio, wanavutana nywele. Fikiria kuitazama picha hiyo ukiwa na homa. Sitakuficha kwamba naona ni ukatili, na kama ningekuwa msimamizi wa wodi ile ningeomba milango ifungwe kwa wale wanaokata roho. Karne ya 19 wengine nao waliona vibaya, lakini kwa sababu nyingine: waliwachorea nguo watu walio uchi, na ilibidi zifutwe baadaye. Picha yenyewe ilikutwa darini mwaka 1836.

Mengine nayapita haraka. Louis wa 14 alipofika mwaka 1658 hakupendezwa kuona wanaume na wanawake wamelazwa pamoja, akatoa pesa ili watenganishwe. Watu wa mji waliendelea kutoa mashamba ya mizabibu, la kwanza mwaka 1457, na divai yake inanadiwa kila Novemba tangu mwaka 1859. Masista waliohudumu walipewa kanuni yao mwaka 1459, na tiba iliendelea ndani ya kuta hizo hizo hadi mwaka 1971, ilipohamishiwa jengo jipya. Maana yake ni kwamba mimi nilikuwa tayari nasoma shule ya msingi wakati mtu fulani wa Beaune akiugulia humo.

Ninayemfikiria zaidi katika habari yote hii ni Guigone. Rolin alifariki mwaka 1462 na akazikwa Autun, mji wake wa kuzaliwa. Mjane wake alihamia hospitalini, akaishi kati ya wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1470, na alizikwa ndani ya kikanisa, hatua chache tu kutoka vitandani. Ukiniuliza nani kati yao aliwapenda maskini, mume ameniachia hati na mke ameniachia miaka minane, nami nimefanya kazi wodini muda mrefu mno nisijue kipi ni kigumu kutoa.

Kwa kuwa umesema utarudi huko na wenzako mwezi wa nne, nakuomba safari hiyo utazame chini. Vigae vya sakafu vina herufi N na G zilizofungamana, na neno "Seulle" lenye nyota, yaani Pekee, ambalo Rolin alimchagulia mkewe. Kisha ingia kikanisani ulitafute bamba la shaba la kaburi la Guigone, unipigie picha iliyotulia, si kama ile ya mlangoni ambayo nusu yake ni kidole chako.

Baba yako anauliza kama umeshanunua koti zito. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kumwambia ndiyo.

Nakuombea,
Mama yako