Sosi ya soya haimpi mtoto protini, inampa chumvi

Mleta mada, umeuliza kama sosi ya soya ni njia nzuri ya kumwongezea mtoto protini, maana inatengenezwa kwa soya. Hapana. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nyumbani kwangu napikia mzee mwenye presha pamoja na watoto, na chupa hii iko jikoni siku zote.

Kijiko kimoja cha chakula cha sosi hiyo kina protini ya gramu moja na kidogo tu, na kalori kama 10. Mafuta karibu hakuna. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Sasa fikiria: ili upate protini ya yai moja kwa sosi, unahitaji zaidi ya vijiko vinne, na kila kijiko kina sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha) ya karibu miligramu 900. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, yaani chumvi isiyofika gramu 5. Vijiko viwili tu tayari vimekaribia kuimaliza siku, na bado hujahesabu mkate wala supu. Mtoto kiwango chake ni cha chini zaidi, na wa chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa chumvi kabisa.

Simaanishi uitupe. Thamani yake ni ladha. Soya na ngano zikichachushwa kwa kuvu na maji ya chumvi kwa miezi, protini huvunjika na kutoa glutamati, kiini cha ladha nzito, ndiyo inayofanya mboga ionje kama imekolea. Kwa hiyo itumie badala ya chumvi, usiirundike juu yake. Mimi napika mboga bila chumvi hata chembe, naipua, ndipo naweka sosi kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima, nageuza na kuonja. Kijiko cha chai cha sosi kina takriban miligramu 300 za sodiamu. Cha chumvi kavu kina zaidi ya 2,000. Ukiitia mapema, harufu yake inapotea na mchuzi ukikauka chumvi inabana. Na pima kwa kijiko, jamani! Kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa ndiko kunakowaponza wengi. Mezani chupa haifiki kabisa, mzee wetu alilalamika mwanzoni, sasa kazoea.

Zile zilizoandikwa zimepunguzwa chumvi zinasaidia, lakini kijiko cha chakula bado huwa na miligramu 500 na zaidi, kwa hiyo usiongeze kipimo kwa kujiamini. Baadhi zimewekewa potasiamu badala ya sodiamu, na hapo mwenye matatizo ya figo amuulize daktari kwanza.

Soma pia viambato. Iliyochachushwa kwa kawaida ina maji, soya, ngano na chumvi, basi. Hiyo ngano watu huisahau: asiyeweza kula gluteni (protini iliyomo kwenye ngano) atafute tamari, sosi ya soya ya Kijapani ambayo kwa kawaida haina ngano, na hata hiyo asome lebo, kwani nyingine huwekwa ngano kidogo. Mwenye mzio wa soya aiache kabisa.

Kwa mwanao, kama ana umri wa kula vyakula vya kawaida na hana mzio huo, mchemshie maharage ya soya yenyewe hadi yalainike kabisa, uyaponde. Kikombe kimoja cha yaliyoiva kina protini karibu gramu 30.